Barua ya wazi kwa wakubwa wa bakapu ya simu: ndani ya hiyo tiki ya kijani kuna nini?

Kwenu wakubwa mnaotengeneza simu yangu pamoja na ile programu ya bakapu, ya kuweka nakala ya vitu vya simu visipotee, inayokuja nayo kutoka dukani,

Habari za huko mliko. Mi nawaandikia kutoka Moshi, nauza vitenge pale Memorial na ni katibu wa kikoba chetu cha akina mama 26 huku Majengo. Jina la kampuni yenu sitalitaja, sijaja kuharibiana biashara, mnajijua wenyewe na mwenye simu yenu atawajua kwa ile tiki ya kijani yenye maneno "Nakala imekamilika". Barua yote hii ni ya hiyo tiki tu. Mengine ya simu yenu sina neno nayo, kamera nzuri, chaji inakaa, kioo kimeshaanguka sakafuni mara kibao hakijapasuka.

Jumapili ya Desemba 14 mwaka jana tulikuwa na ubatizo kwa shemeji kule Uru. Sherehe za huku mbege, pombe yetu ya ndizi, inakuwa kwenye ndoo kubwa, ulezi umeshafanya kazi yake, povu liko juu, na mtu mmoja anapewa kata agawie watu. Siku hiyo kata nilikuwa nayo mimi. Simu niliiweka kifuani kama tunavyofanya wanawake wote, nikainama kuchota, nikasikia kitu kinateleza, sijakaa sawa kikasema chubwi. Nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko na gauni la sherehe hivohivo, wazee wamekaa kwenye benchi wananitazama, nikaitoa ikiwa bado inawaka, ikanionyesha saa na picha ya mjukuu, halafu ikazima. Meku mmoja, yaani mzee, akauliza kama mbege bado inanyweka. Ilinyweka.

Watu wakasema weka kwenye mchele, nikaweka, ikalala humo usiku kucha. Asubuhi niko kwa fundi karibu na stendi, akafungua kava la nyuma, akanusa, akacheka mpaka akaweka bisibisi chini, "Mama hii haijaungua, hii imelewa". Sukari ya ndizi ilikuwa imegandia kwenye bodi kama gundi ya viatu, punje za mchele nazo zimeingia kwenye tundu la chaji akawa anazitoa moja moja na sindano. Akaisafisha kwa spiriti, akaichomeka, ikaleta nembo yenu mara moja ikafa na haijaamka mpaka leo. Akaniuliza, bakapu unayo? Nikamjibu kwa kujidai kabisa, ninayo, tena iko full, naiangaliaga kila siku iko kijani.

Ngoja niwaeleze kidogo kikoba maana najua huko ofisini kwenu huenda mnadhani simu ya mama wa sokoni ina picha za wajukuu na nyimbo za kwaya. Sisi tunakutana kila Jumamosi saa nane mchana. Hisa moja ni Sh 5,000 na mtu ananunua kuanzia moja mpaka tano, halafu kuna elfu moja ya mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, halafu mikopo, marejesho, faini za kuchelewa na za simu kulia kikaoni. Mtindo huu haukuanzia kwetu, ulianzia Niger mwaka 1991 kwa akina mama wa vijijini ukasambaa Afrika nzima, na hapa kwetu tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi kama chetu viko daraja la nne, tunasajiliwa, tunatakiwa kuwa na kumbukumbu zinazoeleweka. Mwisho wa mwaka tunavunja, kila mtu anachukua hisa zake na faida yake. Kwa Mchagga mgao wa Desemba si jambo la mchezo, hiyo ndo Krismasi yenyewe, watoto wanakuja toka Dar na Mwanza, nyumba inapakwa rangi, mbuzi anatafutwa, na hela ya mbuzi iko kwenye kikoba.

Mgao wetu ulikuwa Jumamosi ya tarehe 20. Simu imezama tarehe 14.

Sasa kwanini kumbukumbu zilikuwa kwenye simu na sio kwenye daftari? Hapo na mimi nina kosa langu na sitalificha. Miaka yote tulikuwa na vitabu vya hisa, kila mama na kakitabu kake, ukinunua hisa unagongewa muhuri, basi. Halafu Machi 31 ikaja notifikesheni yenu eti leo ni Siku ya Bakapu Duniani, linda kumbukumbu zako, bonyeza hapa. (Hiyo siku ipo kweli, nimeuliza, inafanywa kila mwaka tarehe hiyo ili watu wajiwahi kabla ya Aprili mosi, Siku ya Wajinga. Mi nilibonyeza nikajiona mjanja, kumbe nilisherehekea zote mbili.) Nikabonyeza, ikazunguka, ikaja tiki ya kijani, nikaona sasa hapa pamekaa sawa. Jumamosi iliyofuata nikasimama kikaoni nikawashawishi wenzangu tuachane na makaratasi, vitabu vinalowa, panya wanakula, mimi nina programu ya daftari kwenye simu, inajumlisha yenyewe, naweka mpaka picha ya fomu ya mkopo yenye sahihi, na hata simu ikiibwa kuna bakapu. Mama mmoja mtu mzima, yeye hana simu janja, akasema mimi kakitabu kangu siachi. Tukamcheka. Nilimcheka na mimi.

Tukaenda hivo Jumamosi 37.

Na sio kwamba sikuhakikisha, jamani. Mwezi wa saba nilikwenda Arusha kwa mdogo wangu anakaa Njiro, ana waifai nyumbani. Nikakaa kwenye kochi nikaifungua ile programu yenu kwa makusudi, nikaenda mpaka kwenye orodha, "Programu 43", nikashuka na kidole nikaikuta ile ya daftari imeandikwa jina lake na pembeni tiki. Nikamwonyesha mdogo wangu. Mume wake ni mtu wa utalii toka zamani, akasema wewe dada hiyo afadhali, mimi kuna mgeni wa safari aliwahi kuniachia kile kifaa cha mkononi cha Palm, kile cha kalamu, betri zikiisha kabisa kila kitu kinafutika. Lakini akasema na hili, na ndo maana naliweka hapa: wale waliotoa kile kifaa 1996 walijua kinasahau, kwaiyo walikiwekea kitako chenye kitufe kimoja, unakikalisha, unabonyeza, kinapeleka mambo yako kwenye kompyuta, ukimaliza unaweza kufungua ripoti ukaona kilichokwenda na kilichogoma. Ripoti, wakubwa. Mwaka 1996.

Turudi kwa fundi. Nikanunua simu nyingine palepale mjini, na nikanunua ya kwenu tena, kwa sababu moja tu, bakapu iko kwenu. Nikaweka laini, nikaingiza akaunti, pasiwedi nikaikumbuka nikashukuru Mungu, mkaniambia kwa usalama wangu mmetuma ombi kwenye simu yangu nyingine, niifungue nibonyeze "Ndiyo, ni mimi". Simu yangu nyingine iko kwenye kimfuko cha fundi inanuka mbege. Nikatafuta njia nyingine, mkasema mtatuma namba kwenye barua pepe, barua pepe yenyewe nayo inafunguliwa kwa kuthibitisha kwenye simu nyingine. Nilizunguka hapo tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni wateja wa vitenge wananipita, mpaka ikatokea sehemu imejificha chini kabisa ya kutumiwa meseji ya kawaida kwenye laini. Ilichukua nusu dakika. Kwanini hiyo isiwe ya kwanza kwa mtu anayesema simu imekufa, na watu wanaohitaji bakapu ndo haohao simu zao zimekufa?

Nikaanza kurudisha. Nilinunua bando la GB 10 kwa ajili hiyo. Ikahesabu, asilimia kumi, arobaini, tisini, mia. "Urejeshaji umekamilika", na tiki, kijani ileile.

Niwaambie kilichorudi. Alamu ya saa kumi na moja alfajiri ilirudi. Picha ya mjukuu ya kwenye kioo ilirudi. Namba za watu zilirudi, hata za marehemu. Pasiwedi ya waifai ya kwa mdogo wangu Njiro ilirudi, niko Majengo naifanyia nini. Picha zilirudi 214, ya mwisho nimepiga mimi mwenyewe kwenye lile kochi la Njiro mwezi wa saba, baada ya hapo hamna kitu, miezi mitano nyeupe. Na programu ya daftari ilirudi, ikajisakinisha, ikajipanga mahali pake palepale pa zamani, nikaibonyeza mkono unatetemeka, ikafunguka ikaniandikia: "Karibu! Anza kwa kuandika ukurasa wako wa kwanza".

Nilikaa chini. Kweli kabisa, kwenye sakafu, katikati ya mabunda ya vitenge.

Nina mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya kompyuta, nikampigia, akaja jioni. Huyo ndo alinielewesha, na mimi nawaambia kama nilivyoelewa. Kwanza picha. Programu yenu imepangwa isubiri waifai ndo ipeleke picha, kwa nia njema, isimalize bando la mtu. Sasa mi waifai nitaipata wapi? Mimi na majirani zangu wote pale sokoni tunaishi kwa bando, toka Aprili mpaka Desemba mara moja tu nimekaa kwenye waifai na ndo siku hiyo zilikwenda. Kumbe siku zingine zote tiki ilikuwa inawaka kwa ajili ya namba za watu na alamu, vitu vidogovidogo, picha zimekaa foleni miezi mitano zinasubiri waifai na hakuna aliyeniambia zinasubiri.

Pili ni hilo daftari, na hapa ndo nilitaka kulia. Akanionyesha maelezo ambayo wanasoma watengenezaji wa programu: kwenye Android, ule mfumo unaoendesha simu kama hii yenu, tangu toleo la 6 la mwaka 2015, ile bakapu ya kujiendesha inampa kila programu nafasi ya MB 25, na aliyetengeneza programu anaweza pia kuizima kabisa ya kwake isibebwe. Na vitu vya programu vikizidi MB 25, haibebi zile 25 ikaacha zilizobaki, haibebi hata kimoja. Daftari langu kurasa zake zenyewe ni maandishi, uzito wake ni kama wa karatasi, lakini mimi kwa kujituma kwangu niliweka picha za fomu za mikopo humohumo. Kwaiyo kwa hesabu ya huyu kijana pengine wiki za mwanzo lilikuwa linabebwa vizuri, nilipoweka picha ya fomu ya saba au ya nane likavuka, likaachwa. Siwalaumu waliopanga kiwango, kila gari lina tani zake. Ila kondakta akiniambia mzigo wako umepakiwa na anaona kabisa umebaki stendi, huyo tunamwitaje?

Nikamwuliza sasa ile tiki pembeni ya jina la daftari ilikuwa ya nini. Akacheka kwa huruma. Akasema mama mdogo, ile ilimaanisha wanakumbuka kwamba ulikuwa na programu inaitwa hivo, ili wakuwekee tena.

Yaani mlihifadhi jina.

Nikawaandikia kwenye ile sehemu ya msaada. Nikajibiwa na mashine kwa Kiingereza kwamba wamefurahi sana kunihudumia leo, halafu wakanishauri nirudishe simu kwenye hali ya kiwandani nijaribu kurejesha upya. Yaani na hizo alamu zifutike. Nikaandika tena, kwa Kiswahili, nikaeleza habari ya waifai na MB 25, nikapata majibu nikadirie huduma kwa nyota. Sikuweka nyota.

Hela yenyewe ilikuwepo, hilo mlielewe. Sanduku lilikuwa limejaa, mikopo iko nje, hakuna aliyeiba. Tulichokosa ni nani ana ngapi. Na kumwambia mwanamke amekaa jua kali na ndizi Mbuyuni mwaka mzima kwamba hela yako ipo ila hatujui ni ipi, jaribuni nyie siku moja mwone. Nilimwendea mwenyekiti kwanza usiku, kwa heshima, nikapiga magoti kama namwomba mama mkwe, nikamweleza. Akanyamaza muda mrefu, akaniuliza tu, na wanajua wangapi.

Tulikaa usiku tatu. Mimi, mwenyekiti, mweka hazina na huyu kijana wa dada. Tulianza na vitabu vya zamani, vilikuwa na mihuri ya Januari mpaka Machi, hiyo tukaimaliza haraka. Halafu nikaenda kuomba statimenti ya miamala ya laini yangu, wale waliokuwa wanatuma marejesho kwa simu tukawapata mmoja mmoja kwa tarehe. Kuna waliokuwa wanajiandikia nyuma ya kalenda. Kuna dada aliyekuwa anatuma kwa mume wake Dodoma meseji kila Jumamosi "leo nimeweka nne", mume alikuwa hazifuti, Mungu ambariki, tukamwomba asome zote kwenye simu tukiandika. Na yule mama mtu mzima tuliyemcheka alikuja na kakitabu kake kamefungwa kwenye kitambaa cha mezani. Alikuwa haandiki za kwake tu. Alikuwa anakaa pale pembeni kila kikao anaandika na za wale wawili anaokaa nao benchi moja, na za jumla tunayotangaza mwishoni, Jumamosi zote 37, kwa kalamu ya risasi. Hakusema lolote. Alikiweka mezani akaomba chai.

Bila kale kakitabu nisingekuwa nawaandikia barua, ningekuwa nimehama mtaa.

Mwisho wa yote madai ya watu yalizidi hela iliyopo kwa Sh 155,000. Pengine kuna mtu alikosea, pengine kuna mtu alipitia hapohapo, sijui na sitaki kujua, hivo vitu ukianza kuvichimba kikundi kinakufa. Nikalipa mimi. Mgao tukaufanya Jumanne tarehe 23, siku tatu nyuma, mabasi ya jamaa yameshaingia, bei ya mbuzi imeshapanda.

Sasa niseme ninachotaka, maana najua mtasema huyu mama analalamika tu.

Sanduku letu la kikoba ni la bati, limetengenezwa na fundi wa Majengo, lina kufuli tatu. Funguo tatu wanashika watu watatu ambao hakuna hata mmoja kiongozi, na anayelilaza sanduku kwake hana ufunguo. Hiyo watu wanaipenda kuieleza. Lakini siri ya sanduku haiko kwenye kufuli, iko kwenye namna tunavyolifunga. Kabla halijafungwa wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti, kila mtu anasikia, halafu mwenyekiti anauliza mfuko wa jamii una ngapi, wote tunaitikia, la hisa ngapi, tunaitikia, na Jumamosi inayofuata kabla ya chochote tunaulizwa tena ilikuwa ngapi, tunajibu, linafunguliwa, linahesabiwa, linalingana au halilingani. Hakuna mtu aliyewahi kusimama akasema "imekamilika" tukaenda nyumbani. Angefukuzwa.

Mi naomba tiki yenu ihesabu. Iniandikie, simu yako ina picha 3,120, kwetu zipo 214, ya mwisho ni ya Julai. Programu 43, zilizobebwa na vitu vyake ndani ni 19, tuliyobeba jina tu ni hizi hapa. Daftari lako limezidi kiasi, halijaenda toka tarehe fulani. Mnazo hizo habari zote, mashine yenu inajua kabisa imeacha nini, mmeamua tu kutoziandika kwa sababu ukurasa hautapendeza. Na ikiwa kuna kitu hakijaenda basi isiwe kijani. Rangi mnazo nyingi. Njano ipo.

Halafu kwenye waifai mniulize. Mi ningetoa bando la usiku kila Jumamosi baada ya kikao bila kinyongo, GB moja naijua bei yake kuliko nyie, sasa mnanilinda nisitumie mia tano nikapoteza laki moja na hamsini na tano. Na ile nafasi ya ziada mnayouza, nimeangalia, mnataka kadi ya benki tu, huku watu tumelipia mpaka ada za shule kwa simu toka 2008 M-Pesa ilipoingia nchini.

Kuna kingine kinaniuma. Simu yangu ya kwanza ya kwenu, ile ya nyuma ya hii ya mbege, ilikuwa na sehemu ya kupeleka bakapu kwenye memori kadi. Unaitoa kadi unaifunga kwenye kitambaa unaweka kwenye sanduku la bati, kwisha. Ikaja apdeti mkaiondoa. Huyu kijana ananiambia wataalamu wana kanuni wanaiita tatu mbili moja, imeenezwa na mpiga picha wa Marekani anaitwa Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Nikamwambia hiyo si ndo kikoba, kitabu cha mama, leja ya katibu, na kichwa cha kila mtu anayeitikia, na sanduku linalala nyumba nyingine. Tulikuwa nayo. Nyie mkaniachia nakala moja, kwenu, ambayo haipo. Rudisheni ya memori kadi, na iwe faili ambalo mtu akilichomeka kwenye kompyuta yoyote ya stesheneri linafunguka.

Na mtu aweze kujaribu. Siwezi kujua kama kinarudi mpaka simu ife? Kuwe na kitufe cha kuchungulia tu, nifungue niione ile kurasa ya Jumamosi iliyopita ikiwa huko kwenu, nifunge.

Kiswahili chenu nacho. Kwenye apdeti hii mpya mmeandika "chelezo". Mdogo wangu aliyeolewa Tanga anasema pwani hicho ni chombo cha kuelea majini. Jina zuri, sibishi, ila cha kwangu kilizama kwenye ndoo, na mtu wa sokoni akiona "Chelezo kimekamilika" hajui kama ameambiwa heri au shari. Andikeni bakapu, kila fundi kuanzia Mnara wa Saa mpaka Kiboriloni anaielewa.

Kikoba kimeanza upya Januari. Tumerudi kwenye vitabu na mihuri, daftari la simu nalitumia kujumlishia tu, na yule mama mtu mzima tumemchagua mhesabu fedha kwa kura zote, kakataa posho. Simu ya zamani ipo kwenye droo, siku za joto bado inanukia ndizi.

Leo asubuhi nimeamka na alamu yenu ya saa kumi na moja, nikaikuta notifikesheni, "Nakala imekamilika", kijani. Nikaibonyeza nione kimekamilika nini, ikafungua ukurasa wenye katuni ya wingu linacheka. Jumamosi saa nane nina kikao na najua kuna mtu ataniuliza kama nimepata majibu kwenu, kwaiyo nijibuni hilo moja tu la kichwa cha barua, kwa Kiswahili, na asiwe mashine.

Ni mimi,
Katibu, Majengo, Moshi